Kijivu cha Manispaa

Mimi ni yule wa ndoo.
Saa kumi na moja alfajiri lori linatushusha Barra Funda,
mimi, Valdecir, na kijana mpya ambaye bado hajajua
kwamba kazi hii haivaliwi viatu vyeupe.
Jiji la Sao Paulo limeamua nguzo zake zinyamaze.
Husemwa kuta zina masikio. Masikio sina neno nayo.
Mimi nimeajiriwa kwa ajili ya midomo.

Mnadhani kijivu ni kimoja.
Kuna kijivu cha Januari, kilichokorogwa mbio mbio kabla ya mvua.
Kuna cha yule mzabuni aliyepunja, chepesi kama uji wa mgonjwa,
unapaka mara tatu na herufi bado zinachungulia.
Kuna kimoja chenye ubuluu kwa mbali,
kilikuja ndoo sita tu, hakikurudi tena.
Kiko nguzo ya kumi na saba. Nikipita hapo napunguza mwendo.

Chini ya barabara ya juu, nguzo ya arobaini na moja,
ndipo tulipojuana bila kuonana.
Herufi nne, ndefu, kavu, zimenyooka kama nondo za dirisha.
Nilishindwa kuzisoma.
Mpwa wangu Tainara alizisoma kwenye simu yangu
hata bila kuacha kutafuna:
"SONO, mjomba. Usingizi."

Usingizi!
Mtu anakesha ili aandike usingizi
juu ya vichwa vya waliolala kwenye maboksi.

Nikaufuta Jumanne. Jumatano upo.
Nikaufuta. Upo.
Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tulivyofundishwa;
huyu hakuwepo,
na lake lilikuwepo, mita mbili kwenda juu.

Halafu asubuhi moja nakuta hajaandika kitu.
Amechukua mstatili wangu wa jana, ule uliopinda kushoto,
akauzungushia fremu nyeusi
kama picha ya harusi sebuleni,
na chini, pembeni, kwa mkono mdogo, tarehe.
Miaka kumi na tisa ninapaka.
Hakuna aliyewahi kuitia kazi yangu tarehe.
Nilicheka. Valdecir akauliza kuna nini.
Vumbi, nikamwambia.

Tangu hapo akawa anapanda.
Ghorofa ya tatu. Ya tano. Kingo za jengo la benki lililofungwa,
ghorofa ya tisa, herufi zilezile, nadhifu,
kana kwamba kule juu kuna meza.
Mpini wa rola yangu unafika mita nne.
Nilikuwa nasimama chini na mpini wangu
kama mtu aliyekuja na kijiko kwenye mafuriko.

Mwezi wa saba, kimya.
Ule wa mwisho, nguzo ya arobaini na moja, sikuugusa.
Nilijiambia kesho. Kesho nikajiambia kesho.
Niliuacha kama barua inayongoja jibu,
na jibu halikuja, hata doa, hata nukta.
Kijana alisikia kuna mtu ameanguka kule Brás.
Valdecir alisikia ameoa, anauza dawa duka la Osasco.
Kila mmoja ana habari,
hakuna mwenye jina.

Likaja agizo: nguzo zote, safu nzima, wageni wanakuja.
Nikaanza na S. Nikafuta O.
N ilinisumbua, ilikuwa na miguu mirefu.
Ile O ya mwisho
nikaizunguka na rola polepole,
kama dereva anavyomkwepa mbwa aliyelala barabarani.

Msimamizi Adalberto akashuka garini.
"Na hiyo?"
Rangi imeniishia, nikasema.
Nyuma yangu ndoo ilikuwa nusu.
Yule kijana, viatu vyake siku hizi ni vya kijivu,
akasogea hatua moja,
akasimama mbele yake.